Sufuria za Kanisa na Slabu ya Jumapili

Mtu akininyamazia miaka mingi, kisha siku moja akanipigia simu kunialika chakula cha mchana, kitu cha kwanza ninachojiuliza ni anataka nini. Ndivyo nilivyo na sitaomba radhi. Atieno alinipigia muda mfupi tu baada ya sisi kumzika mama yangu mdogo, Mama Dorina, kule Luanda Kotieno, mazishi ambayo yeye hakuyahudhuria. Najua hakuyahudhuria kwa sababu sikulia siku ile. Nilikuwa na kazi ya kuangalia nani amekuja na nani hakuja. Sauti yake kwenye simu ilikuwa ya upole kupita kiasi. "Kuja tu tukule samaki," alisema. "Si lazima tuongee." Hapo nikajua kuna jambo, maana mtu asiyetaka kuongea hatangazi kwamba hataki kuongea. Nilimuuliza siku hizi anakaa wapi. Akanitajia lile jengo. Katika nyumba zote za Kisumu, alikuwa amekwenda kukaa ndani ya ghorofa ile ile iliyotukosanisha, ile iliyosimama ubavuni mwa kanisa kuu. Nikakubali kwenda. Nilijiambia nakwenda kuona kwa macho yangu alilipwa nini.

Getini askari alichungulia mkoba wangu, akaniuliza naenda kwa nani. Lifti ilikuwa imekufa, kwa hivyo nilipanda ngazi nikitafuta makosa njia nzima, na sikuyakosa: ufa pembeni mwa dirisha, rangi iliyoanza kubambuka, bomba linalotoa jasho. Atieno alinifungulia mlango akiwa na leso kiunoni. Alikuwa amenenepa vizuri, na hilo nalo nikaliweka akilini. Sebuleni kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, televisheni iliyozimwa, na dirisha pana ambalo mtu akisimama mbele yake analiona kanisa kuu lote kutoka juu. Mwaka ule tulipokuwa tukipika hapa, kutoka chini, kanisa lile lilikuwa kitu kikubwa kuliko vyote nilivyovijua. Sasa niliona paa lake, viraka vya mabati mapya, njiwa wamejipanga kwenye ukingo, na ule ukuta wa mawe tulioegemea mwaka mzima, mfupi kabisa. Nilikasirika kuuona mfupi vile. Nikakaa, mkoba nikaubakisha mapajani.

Mezani kulikuwa na samaki, ngege mkubwa aliyepikwa kwa nyanya na vitunguu, ugali wa mtama, na mboga ya osuga iliyolazwa kwa maziwa. Atieno alinimiminia maji ya kunawa, akaomba kwa ufupi, halafu akanyoosha mkono, akamega kipande kutoka kwenye sahani yangu, akakitia mdomoni kabla mimi sijagusa kitu. Niliijua ile desturi. Ndivyo Mama Dorina alivyofanya kila siku mbele ya wanaume wa mjengo, wale wajenzi aliowapikia: anaonja kwanza yeye, wakiona, ndipo anapakua, ili asitokee mtu wa kusema kesho kwamba aliwekewa kitu. Lakini kuonjeana sebuleni, watu wawili waliolala godoro moja usichanani? Nikawaza, huyu anajua ninachomfikiria. Nikaacha mikono yangu iliyonawishwa ikauke yenyewe, na samaki sikumgusa.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri kuingia chuo cha uuguzi mwezi wa Septemba. Mama Dorina, mdogo wa mama yangu, ndiye aliyesema atanipeleka, na mtu mwingine wa kulipa karo hakuwapo. Alikuwa mjane na alikaa Kondele, chumba kimoja nyuma ya soko. Kitanda chake kilikuwa upande huu wa pazia, godoro letu sisi wasichana upande ule, na kati yetu jiko la makaa, debe la unga, na kalenda ya kanisa ambayo hakuitoa ukutani hata mwaka ulipokwisha kwa sababu alipenda picha yake. Sisi wasichana ni mimi na Atieno. Atieno hakuwa ndugu. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa kuu, sauti ya pili, aliyefiwa na nyanya yake, na Mama Dorina akamchukua vile watu wanavyochukua mwavuli uliosahauliwa kanisani, kwa kuulinda tu mpaka mwenyewe atokee. Mwenyewe hakutokea. Usiku alikuwa akifanya mazoezi ya nyimbo chini ya blanketi, na mimi nikimkanyaga mguu anyamaze.

Mama Dorina naye alikuwa na sauti, ila ya aina nyingine. Kwetu habari ya kifo haipokelewi kimya. Mwanamke wa umri wake akiisikia hutoka nje na kupiga nduru, ule mlio mrefu wa "uwi!" unaowaambia majirani wote kwamba mambo yameharibika. Nduru ya Mama Dorina ilijulikana Kondele nzima. Fundi viatu wa kona alipofiwa na mjomba ambaye hakuna aliyewahi kumwona, Mama alitoka nje na povu la sabuni mikononi, akalia mpaka watu wa stendi ya boda boda wakazima pikipiki. Nilikuwa naona haya. Nilimwambia siku moja kwamba hata hakumjua yule mtu, akanijibu, "Kwani nalilia yeye peke yake?" Sikumwelewa, na nilikuwa na umri ule ambao mtu asipoelewa kitu anakiona cha kijinga.

Chakula tulikipikia mjini, kwenye kibanda cha mabati na mbao za kuokota, ubavu mmoja umeegemea ukuta wa kanisa na mwingine umetazama mjengo. Kanisa lilimruhusu Mama kukaa pale kwa kuwa alikuwa mmoja wa akina mama wa kanisa, wale wa kitambaa cheupe kichwani, na wenye mjengo walimruhusu kwa kuwa wafanyakazi wao walimpenda. Kiwanja kile hakikuwa cha kanisa. Kilikuwa cha familia ya wafanyabiashara iliyokuwa na ghala hapo, ikaliuza, na mnunuzi akaja na michoro ya ghorofa nyingi. Wazee wa kanisa wakaona mashimo yanachimbwa karibu na msingi wa jengo ambalo babu zao walibebea mawe kichwani, wakaenda mahakamani. Kuanzia hapo hakuna aliyemwamini mwenzake. Wazee walikuwa na hakika kwamba vigingi vya mpaka vinatembea gizani. Vijana wa mjengo waliamini kwamba kanisa limeweka mtu kwenye mnara wa kengele awachungulie. Injinia alikula ameupa ukuta mgongo. Akipita mtu aliyevaa shati safi asiyejulikana, pande zote mbili zilinyamaza, na sisi tuliokuwa katikati tulisikia ule unyamavu ukiingia kwa mabati kushoto na kulia.

Nilikuwa nasikia mengi. Upande wa ukuta, baada ya ibada ya katikati ya wiki, wazee walisimama kivulini wakinong'ona kuhusu wakili, kuhusu ufa mpya karibu na dirisha la rangi, kuhusu mzee mwenzao aliyeonekana akishuka kwenye gari la mkandarasi na sasa anasema alipewa lifti tu. Upande wa mjengo, wakichanganya mchanga, waliulizana nani anapeleka maneno kanisani. Mara kadhaa nilisikia wakisema, "Ni hawa wamama wa chakula." Na zaidi ya mara moja nilisikia wazee wakisema hivyo hivyo. Nilipomwambia Mama alicheka. "Wewe sikia," alisema, "lakini mdomo tumia kwa kuonja chumvi." Alikuwa anatupa sukuma wiki kwenye mafuta, na sikuona uso wake kwa sababu ya moshi.

Siku moja akaja Mzee Ogutu, mwenyekiti wa kamati ya uwanja wa kanisa, mwalimu mstaafu ambaye hata akiagiza chai alikuwa kama anasahihisha mtu. Alikaa kwenye benchi letu, akaagiza maharage, akasubiri Atieno aende kuteka maji. Mimi hakuniona kama mtu wa kusubiriwa atoke. "Mama Dorina," alisema, "kesi yetu iko Jumatatu. Hawa watu wanataka kumwaga slab kabla jaji aongee. Slab ikishakuwa juu, nani atabomoa? Sasa, hakuna mtu anaweza kumwaga slab bila kulisha watu. Wakikuagiza chakula mingi, wewe niambie. Nitaamsha wakili hata kama amelala." Alikuwa anasema kweli. Zege la slabu, ile sakafu ya ghorofa, halingoji. Likianza kumwagwa linamwagwa mpaka sakafu nzima iishe, watu wamejipanga mstari wakipokezana makarai, na mkandarasi huwalisha wote pale pale, maana akiwaachilia waende kutafuta chakula nusu yao hawarudi. Mpishi hujua siku ya slabu kabla ya jirani yeyote. Mama alijifuta mikono kwa leso. "Sawa, Mzee. Nitakuambia," alisema, na Mzee Ogutu akala maharage yake yote akiwa na amani.

Jioni ile Kondele, Mama alikuwa anachambua dagaa wa omena kwenye ungo, sisi tumekaa chini. Alisema bila kutuangalia, "Mjengo ikifungwa, na sisi tumefunga." Nikauliza, na chuo? Akaendelea kuchambua. "Chuo ni Septemba. Mjengo ikifungwa sasa, wewe utarudi kwa mama yako kuanika omena kwa nyavu, na mwaka ujao watakuwa wamekutafutia mzee wa kuoa." Atieno akasema labda kanisa lingesaidia. Mama akacheka kidogo, bila furaha. "Mzee Ogutu anaongea vile mtu ako na pensheni anaongea." Nilikwenda kulala nikiwa na hofu ya kweli. Nilikuwa nimekwisha kujiona na sare nyeupe na saa kifuani, na usiku ule nilianza kuwashuku hata wazee wa kanisa kwamba wananionea wivu.

Ijumaa yake, Atieno alirudi kutoka mjengo na ndoo ya maji kichwani, akaitua, akasema maneno ambayo nimeyarudia mara nyingi kuliko sala. "Mama, Fundi Wekesa amefiwa. Ndugu yake, atazikwa huko Busia. Mwili unatoka Nairobi, utapitia hapa Jumapili, na watu wote wa mjengo watakula hapa ndio waende kusindikiza. Anaomba umpikie." Wekesa alikuwa msimamizi wa mjengo, mtu mpole, mwenye mzaha. Mama Dorina alikuwa anamenya vitunguu. Aliinua kichwa akauliza, "Watu wangapi?" Atieno akasema ni wengi, wote, na wa kuongezwa. Mama akatazama sufuria zetu mbili, akaniambia niende nyuma ya ukumbi wa kanisa kwa Mama Salome, mwenye ufunguo wa stoo, nimwombe zile sufuria kubwa za akina mama. "Mwambie ni matanga," alisema. Kwetu ukisema matanga huulizwi mengine. Hakuna mtu wa kukuuliza marehemu alikuwa nani wala utarudisha lini, na hakuna mtu mwenye akili anayedanganya kuhusu kifo, kwa sababu atakuwa anakiita.

Mama Salome alipiga nduru nilipokuwa bado nusu ya sentensi. "Uwi! Ndugu ya Wekesa? Ule mrefu?" Nikamwambia sijui. "Uwi yaye, ule mrefu!" Alilia mlangoni mwa stoo mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, akajifuta, kisha akanipa sufuria nne na miiko ya mbao, kila sufuria ina jina la kanisa ubavuni kwa rangi nyekundu ili isipotee. Tulizibeba mimi na Atieno tukipokezana. Atieno alikuwa kimya njia nzima. Nilidhani ni heshima ya msiba.

Jumapili tulifika mapema na kuwasha moto wa kuni. Mjengo ulikuwa umejaa watu ambao sijawahi kuwaona, watu wa mkono, vibarua kutoka Otonglo na Nyalenda, na mashine ya zege ilikuwa imekwisha kuanza kunguruma. Nilimuuliza Mama mbona wanafanya kazi siku ya msiba. "Wanamaliza kidogo kabla mwili ufike," alisema, akamwaga chumvi kwenye maharage, akaonja, akamwaga tena. Alikuwa amevaa kitambaa chake cheupe kwa ajili ya ibada ya pili. Kengele ikalia. Kwaya ikaanza, na mashine ikaifunika. Ndani ya kanisa, niliambiwa baadaye, kasisi alijaribu kusoma Injili mara mbili, akafunga kitabu, akasema, tokeni mkaone. Wakatoka. Watu wazima wamevaa nguo za Jumapili walijipanga kwenye ukuta kama watoto wanaochungulia sherehe ya jirani, wakaona makarai yanapanda kutoka mkono hadi mkono, zege linatandazwa juu ya mbao, na chini yake, Mama Dorina wao, na kitambaa chao kichwani, anapakua maharage kutoka kwenye sufuria zao.

Mzee Ogutu hakupaza sauti. Alikuja mpaka ukutani, akaweka mikono miwili juu ya mawe. "Mama Dorina," alisema, "mwili uko wapi?" Nakumbuka mwiko wa mbao ulivyosimama hewani. Fundi Wekesa alikuwa karibu, sahani mkononi, akageuka huku na huku. "Mwili gani? Mimi sina mwili. Mimi niliagiza chakula ya slab," alisema, na wanaume wakaanza kucheka kabla hawajaona nyuso zetu. Mama Dorina aliweka mwiko chini taratibu. Akanyoosha kidole. "Muulizeni huyu," alisema. Atieno alikuwa ameshika karai la ugali. Alimtazama Mama, kisha akatazama chini. Mzee Ogutu akamwita kwa jina lake la kanisani, akamuuliza ni nani aliyesema kuna kifo. "Ni mimi," alisema Atieno.

Jumatatu jaji alisema kilichokwisha kujengwa kisiguswe mpaka kesi isikizwe yote. Mkandarasi akasema vizuri, basi atajenga kuta chini ya kile ambacho hakiguswi, na kazi ikaendelea miezi mingi kabla ya amri nyingine kuja kuifunga. Baada ya hapo ghorofa ilisimama mifupa mitupu miaka na miaka, vyuma vikiota kutu, mpaka pande zote zikachoka na kupatana. Lakini miezi ile ilinitosha mimi. Septemba niliingia chuoni. Mama Dorina aliitwa ukumbini mbele ya akina mama, akalia, akasema alidanganywa na mtoto aliyemlea, na wakamsamehe, maana yeyote kati yao angepika akiambiwa ni matanga. Mama Salome alisimama kumtetea. Mimi nilisimama kumtetea. Nilieleza Ijumaa ile neno kwa neno, ndoo, vitunguu, kila kitu, na kila mtu aliona kwamba nasema kweli. Atieno alitolewa kwaya. Alifunga nguo zake kwenye leso na kuondoka Kondele siku hiyo hiyo kabla ya chakula cha jioni, na nilimsema vibaya kwenye bomba la maji, sokoni na mlangoni mwa kanisa, kwa mtu yeyote aliyekuwa na masikio. Niliamini mkandarasi alimnunua. Niliamini hivyo nilipoolewa, niliamini hivyo nilipokuwa na watoto. Ghorofa ilipokamilika na kupakwa rangi, nilikuwa naipita nikisema moyoni, kuna nyumba ya mtu humo ndani.

Haya yote nilimwambia Atieno pale mezani, maana mtu aliyesema si lazima tuongee ndiye aliyeanza kwa kuuliza kama Mama aliumwa sana mwishoni. Nilimwambia huna haki ya kuuliza. Nikamuuliza walikupa nyumba hii lini, kabla ya slabu au baadaye. Alinitazama, akaanza kucheka, kisha akaacha. "Napanga," alisema. "Kila mwezi napanga kama mtu mwingine. Mimi hupikia watu wa mjengo, huko Mamboleo sasa. Nilikuwa nataka tu nyumba ya karibu na kwaya. Jumapili nafungua dirisha, naimba sauti ya pili yangu hapa, hakuna mtu anaweza kunitoa." Nikasema hilo halijibu chochote. Akasogeza bakuli la osuga kando, kama anapanga nafasi ya kitu kizito. "Wekesa aliagiza hiyo chakula kwa Mama mwenyewe. Alhamisi. Ijumaa asubuhi, Mama akanishika mkono hapo kwa bomba akaniambia, wewe ingia useme ni matanga, na useme huyu akiwa anasikia. Huyu ni wewe."

Nilimwita mwongo. Nilisema maiti haiwezi kujitetea, na kwamba amesubiri mpaka Mama Dorina awe chini ya udongo ndipo alete hadithi. Atieno hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. "Alisema uso wako hauwezi kuficha kitu," aliendelea. "Alisema wewe ukiamini, kanisa litaamini. Na baadaye utanichukia, na utanichukia kwa sauti, na hiyo pia itasaidia. Akaniambia, mimi nikifukuzwa kanisani nitazikwa na nani? Wewe ni msichana, watasahau." Nilimuuliza basi kwa nini alikubali. "Nyanya yangu akiwa amekufa ndani ya nyumba, ni yeye aliingia akanitoa," alisema. "Wewe ungekataa?" Kisha akaongeza: "Wewe unajifanya unaona kila kitu. Nilipoingia nikasema Wekesa amefiwa, Mama alifanya nini?"

Nilifungua mdomo kujibu kwamba aliuliza watu wangapi. Na nikaisikia sentensi yangu mwenyewe, ile niliyoieleza ukumbini mbele ya akina mama wote, na hata mmoja wao hakuikamata. Mama Dorina, aliyemlilia mjomba wa fundi viatu na povu mikononi, aliambiwa ndugu ya Wekesa amekufa akaendelea kumenya kitunguu. Hakutoka nje. Hakusema hata pole. Kudanganya aliweza, lakini kulilia kifo ambacho hakipo, kukiita kwa nduru, hapo alishindwa. Nilikuwapo. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kutokwa machozi na vile vitunguu.

Hata hivyo mimi ni mimi. Mtu anaweza kutunga hadithi na kuipigia misumari vizuri. Nilisema nimesahau simu kwenye gari, nikachukua mkoba wangu, ambao simu ilikuwa ndani yake, nikashuka ngazi zote. Askari alikuwa anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Nikamsalimu, nikamuuliza, kama mtu anayepiga soga, kama hapa ni mahali patulivu au kuna watu wa kelele. "Hapa ni kutulivu," alisema. "Ni juzi tu huyo mama ya gorofa ya nne alipiga nduru. Wee! Nikapanda na rungu nikijua wezi wameingia. Watu wamefungua milango, wengine wamekasirika, eti hapa si reserve, si kijijini. Nikamkuta amekaa chini, simu iko sakafuni. Anasema mamake ameenda." Nikamuuliza mama yupi. "Si ule dani, ule nyanya mzee wa kitambaa nyeupe? Alikuwa anakuja na omena kwa kikapu, hata mimi ananiwekea kidogo. Miguu ikiuma nilikuwa namshika mkono hapo kwa ngazi." Nikamuuliza alikuwa akija lini. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jua linatoka wapi. "Jumapili. Kila akitoka kanisa."

Miaka yake ya mwisho nilikuwa nampigia Jumapili mchana na hashiki simu. Jioni aliniambia walikuwa na mkutano wa akina mama, na mimi, kwa akili yangu hii, nikaanza kuwashuku akina mama wa kanisa kwamba wanamchosha mgonjwa kwa mikutano isiyoisha. Nilipanga hata kwenda kuwakemea. Nilisimama pale getini nikitazama ukuta wa mawe ng'ambo, mahali kilipokuwa kibanda chetu. Sasa pameegeshwa magari. Askari aliniuliza kama nimepata simu. Nikamwambia nimepata.

Nilipanda ngazi polepole. Mlango ulikuwa wazi kama nilivyouacha. Atieno alikuwa amesimama dirishani ameupa mlango mgongo, na sahani yangu alikuwa ameifunika kwa sahani nyingine. "Wacha nipashe moto," alisema bila kugeuka. Nikamwambia aache. Nikaweka mkoba sakafuni, nikanawa tena, nikafunua. Nyanya zilikuwa zimeganda na samaki amepoa, na palipomegwa na mkono wake palikuwa bado wazi ubavuni. Nilianzia hapo. Nilikula nikabakisha miba tu, nikilia kwa sauti ambayo sikuitoa Luanda Kotieno, na Atieno alikwenda akafunga dirisha, akakaa kando yangu, na hakuniambia ninyamaze.